Paneli Niliyoiweka Kivulini

Mmoja wenu aliniuliza kanisani, tukiwa bado tumesimama mlangoni, kama ni kweli sisi walimu wa zamani tuliogopa tableti. Nilimjibu kwamba mimi sikuziogopa. Akacheka, akadhani najisifu. Sikuwa najisifu. Mimi nilizionea wivu, na nilimwonea wivu zaidi aliyezishika. Jibu la pale mlangoni lilikuwa fupi mno, ndiyo maana nimekaa kuandika hili refu, kwa ajili yenu nyote mnaoanza kazi ya nasari huku mpakani.

Naitwa Taaka. Nilifundisha watoto wadogo miaka thelathini na moja upande wa Uganda, katika shule iliyo karibu sana na mpaka wa Busia. Watoto wetu walitoka pande zote mbili. Mama anavuka asubuhi kwenda kuuza nyanya, au anakuja huku kununua ndizi, na mtoto anaachwa kwetu. Darasa moja lilikuwa na Kisamia, Kiteso, Dhopadhola na Kiswahili cha kila namna. Mimi niliyesoma mpaka darasa la saba, kisha kozi fupi ya walimu wa chekechea, nilitakiwa kuwafanya wote waijue herufi a.

Kazi nilifundishwa na Mwalimu Perusi wa Dabani, mwanamke mfupi aliyekuwa na kisu kidogo mfukoni mwa gauni lake kwa ajili ya kuchonga penseli. Vitabu vya picha hatukuwa navyo. Tulikuwa na magunia ya sukari. Gunia unalikata, unalifua, unaligeuza upande wa ndani, halafu unapika uji mwepesi wa unga wa muhogo na kuupaka kwa kitambaa. Uji ukikauka, gunia linakuwa gumu na wino hautembei. Hapo unaandika herufi, unachora kuku na jembe, unatundika ukutani. Chati ya namna hiyo inaweza kudumu kuliko mwalimu mkuu aliyekuajiri.

Chati yangu ya kwanza niliandika bila kupaka uji. Wino ukasambaa, herufi m ikaota miguu, na watoto nilipowauliza hii ni nini wakajibu kwa pamoja kwamba ni kiwavi. Ya pili nikaipaka vizuri, nikaianika juani ili ikauke upesi. Uji ukapasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Nilipoingia ndani kutafuta kitambaa, mbuzi wa kanisa akaja akailamba kuanzia a mpaka kwenye l.

Mwalimu Perusi alisimama akamtazama mbuzi, kisha akanitazama mimi.

"Taaka," akasema, "huyu amefika mbali kuliko darasa lako."

Baada ya hapo akanieleza kwamba chati hukaushwa kivulini, polepole, penye upepo. Nililishika hilo kama amri. Nyuma ya jiko la shule yetu kulikuwa na mfenesi, na chini yake nilianika kila chati niliyowahi kutengeneza. Asubuhi kabla ya saa tatu jua linapita pale kidogo. Baada ya hapo ni kivuli mpaka jioni.

Kabla sijaendelea, niwaachie mawili matatu ya kazi, nisije nikayasahau. Mtoto anayeshika chaki kwa ngumi usimgombeze. Mpe maharagwe achague mabovu, kila siku kidogo, na baada ya wiki mbili vidole vyake vitakuwa vimejua kubana vyenyewe. Mtoto anayelia asubuhi usimbembeleze sana. Mkabidhi bakuli la vifuniko vya soda alipeleke mezani, umwambie wenzake wanavingoja. Mtu mwenye kazi hulia kwa muda mfupi. Na mtoto anayenyamaza, huyo mfuate. Hili la mwisho nalisema kwa sababu mimi sikulifanya.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliletewa tableti sita na paneli ya sola ya kuzichaji, kwa kuwa shule haikuwa na umeme. Mwaka huohuo tuliletewa Apio, msichana wa Osukuru, ametoka chuoni, amewekwa kwetu muhula mmoja kwa majaribio. Alipanga chumba hapo karibu, na kila mwisho wa wiki alikwenda kwao. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Ochwo, alizifungua tableti mbele yetu sote, akanitazama kwa heshima nyingi.

"Madam Taaka, wewe ni mzee wetu," akasema. "Hii mambo ya kugusagusa kioo tuachie Apio. Wewe pumzika."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimechoka.

Kesho yake, kwenye chumba cha walimu, tukaanza kuzisema zile tableti. Mwenzangu mmoja alisema mwanga utaharibu macho ya watoto. Mwingine akasema watasahau kushika kalamu. Mimi nikasema mtoto wa nasari anahitaji udongo wa kufinyanga, kioo hakifinyangwi. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na hata leo nitayasema nikiulizwa. Lakini siku ile hatukuyasema kwa sababu ya ukweli wake. Tuliyasema kwa sababu asubuhi yote darasani tulikuwa tumesikia watoto wakicheka upande wa pili wa ukuta, katika darasa la Apio, na wa kwangu wakigeuza shingo kusikiliza.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema kwa yeyote. Binti yangu Nabwire alikuwa anasomea kazi hiihii. Alikuwa amebakiza muhula mmoja alipougua, na hakuumaliza. Apio alikuwa na umri wake. Alifunika daftari lake la masomo kwa karatasi ya kaki na kuandika jina kwa herufi kubwa za duara, kama wanavyofundishwa wote huko chuoni. Nilipomwona amesimama mbele ya darasa, daftari mkononi, sikumchukia. Nilimwonea wivu kwa niaba ya mtu ambaye nimemzika. Sijui kama hilo lina jina.

Sasa niwaambie habari ya Nafula. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, wa mama anayeuza nyanya upande wa Kenya. Alikaa darasani kwangu mwaka mzima kwenye mkeka wa nyuma, kwa sababu hakusumbua mtu, na wasumbufu ndio unaowaweka mbele. Ukimwonyesha herufi kwenye chati kwa kijiti, ananyamaza. Kwenye ripoti yake niliandika kwamba ni mzito wa kushika. Mwaka uliofuata akapanda, akaingia kwa Apio.

Siku ya tatu ya tableti, wakati wa mapumziko, Apio alitoka nje akaniita mimi na Bwana Ochwo.

"Madam, njoo uone huyu mtoto. Anaisogeza hii kitu mpaka kwa pua."

Tukaingia. Nafula alikuwa ameshika tableti, karibu ailambe, na alikuwa anataja herufi moja baada ya nyingine, bila kukosea, kwa sauti ambayo mwaka mzima sikuisikia. Apio akaichukua taratibu kutoka mikononi mwake, akarudi nyuma hatua moja.

"Bado unaona?"

"Naona."

Akarudi hatua ya pili. "Na hapa?"

"Imepotea," akasema Nafula.

Hakuna aliyenitazama. Ochwo alimpongeza Apio, akasema mama wa mtoto aitwe, apelekwe kliniki ya macho. Mimi nilikuwa naangalia ukuta wa upande wa darasa langu. Kati ya mkeka wa nyuma na chati zangu palikuwa na hatua saba au nane. Kwa mwaka mzima nilikuwa namwonyesha mtoto yule ukuta mtupu kwa kijiti, halafu namwita mzito.

Mwalimu mwema angefurahi kwamba mtoto ameonekana. Mimi nilijiambia kwamba hata mimi ningegundua, kama ningepewa muda. Muda nilikuwa nao. Niliusema huo uongo moyoni mpaka ukawa kama kweli.

Juma lile Ochwo aliona kwamba Apio anachelewa kutoa paneli nje, kwa kuwa anafika shule pamoja na watoto. Mimi nilikuwa na ufunguo, na nilifika kwanza ili kufagia. Akaniambia niwe naitoa mimi, tableti zichajiwe mpaka saa nne, halafu Apio azichukue. Nikaitoa. Nikaitazama ile paneli, kioo kitupu, ghali, ya watu, nikawaza jua la Busia litaipasua. Nikaipeleka nyuma ya jiko, chini ya mfenesi, nikaiegemeza vizuri pale ninapoanika chati.

Saa tano tableti zilizima zote mikononi mwa watoto.

Alasiri nilikwenda senta, kule madukani, kuchaji simu yangu, nikamuuliza mzee anayechaji simu za watu, kana kwamba nauliza tu, paneli zake anaziweka wapi.

"Juu ya mabati, Mama. Paneli inakula jua. Ukiiweka kivulini umeinyima chakula."

"Na jua haliipasui?"

Akacheka mpaka akaweka simu yangu chini. "Basi hata muhogo wako shambani ufunike na blanketi."

Kwa hiyo sasa nilijua paneli inataka jua. Kesho yake asubuhi nilisimama uani nimeikumbatia ile paneli, jua linanipiga usoni, paa la jiko liko pale, ngazi iko pale. Nikaenda nayo chini ya mfenesi. Siku ya kwanza nilikosea. Siku ya pili na zote zilizofuata, kwa wiki mbili, nilifanya makusudi.

Mnaweza kudhani nilikuwa na uchungu siku hizo. Zilikuwa siku tamu. Tableti zilizima mapema, watoto wakalalamika, na Apio akaja kwangu.

"Madam, mimi naona nimeharibu hizi vitu," akasema. "Labda nafungua programu nyingi. Nifundishe hii ya gunia, nisikae tu mbele ya watoto bila kitu."

Nikamfundisha. Tulipika uji wa muhogo kwenye jiko la shule, nikamwonyesha jinsi ya kukoroga usishike madonge, jinsi ya kupaka kutoka katikati kwenda pembeni. Alikuwa na mkono mwepesi. Alinisimulia habari za kwao, mama yake anapanda karanga chini ya milima, ndugu zake wadogo wote wanamngoja yeye. Aliniita Mama mara moja kwa kuteleza, halafu akasema Madam. Na paneli ilikuwa imeegemea mfenesi, hatua chache kutoka tulipoketi. Yeye aliiona kila siku. Hakuuliza, kwa sababu aliyeiweka pale alikuwa mimi, na mimi ndiye niliyeijua shule.

Ilipokaribia mwisho wa mwezi, Bwana Ochwo alisema waliotoa tableti watakuja kuzitazama. Zikionekana hazifanyi kazi zitapelekwa shule nyingine, kule Buteba. Akamgeukia Apio. "Na wewe, kwa mambo ya muhula ujao, tutaona." Apio akaitikia ndiyo, akashusha macho kwenye kikombe chake cha chai.

Nilinyamaza. Nilijua tayari kwamba msichana atarudishwa kwao kwa sababu yangu, na bado nilinyamaza. Nimekaa kuwaandikia ukweli, basi na huo mnao.

Aliyenitoa pale nilipokuwa ni mama yake Nafula. Alikuja asubuhi na beseni lake la nyanya, akaliweka chini mlangoni, nikiwa bado nafagia.

"Mwalimu, ni kweli ile mashine imekufa?"

"Inasumbua," nikasema.

"Huyu mtoto juzi alinishangaza. Nilikuwa napika, akachukua pakiti ya chumvi, akaiweka kwa macho hivi, akanitajia herufi zote. Nilidhani naota. Wewe ulikuwa umeniambia ni mzito."

"Nilikuambia."

"Kliniki ya Tororo wametupa siku, bado mbali. Sasa kama ile kitu imekufa, si atarudi kukaa tu kama mwaka jana? Afadhali niende naye sokoni anishikie mtoto mdogo. Mpaka akue kidogo."

Nilimwambia asimtoe, angoje kesho. Alinitazama kama mtu anayepewa deni la maneno, akabeba beseni lake, akamwacha Nafula mlangoni.

Siku hiyo nilipandisha paneli kwenye paa la jiko. Nilipanda ngazi mwenyewe, na magoti yangu haya. Nilifikiri hivi: zikiwaka, kila kitu kitarudi mahali pake, na hakuna atakayejua. Mtoto atasoma, Apio atabaki, wageni watafurahi, nami nitastaafu na jina langu safi.

Tableti ziliwaka mpaka watoto walipokwenda nyumbani. Zikawaka na kesho yake. Siku hiyo ya pili, wakati wa chai, Bwana Ochwo aliingia chumba cha walimu akiwa na furaha, akasimama mbele ya Apio, sisi sote tukiwapo.

"Umeona sasa," akamwambia. "Nilipokuambia habari ya muhula ujao ukaamka. Kitu ukikitunza hakizimi. Wiki mbili zote ulikuwa unachezea kazi."

Apio alikuwa na kipande cha muhogo mkononi. Hakukila, hakukiweka chini. "Nisamehe, Mwalimu," akasema.

Nilikuwa nimerekebisha paneli, na kwa kuirekebisha kimyakimya nilikuwa nimemthibitishia kosa mtu ambaye hakukosa. Hilo sikulitarajia. Nikaweka kikombe changu.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "paneli nilikuwa naiweka chini ya mfenesi."

Ochwo akanigeukia. Alikuwa mtu mwema, na aliharakisha kunifungulia mlango. "Ah, Madam. Wewe hukujua. Hizi ni vitu mpya."

"Siku ya kwanza sikujua."

"Na hizo zingine?"

"Nilijua. Niliuliza senta, nikaambiwa. Kisha nikaendelea kuiweka kivulini."

Watu waliacha kutafuna. Mwenzangu yule wa habari ya macho akaangalia dirishani. Apio ndiye aliyeuliza.

"Kwa nini, Madam?"

"Wivu."

"Wivu ya nini?" Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anatafuta. "Mimi napanga chumba kimoja. Kazi yenyewe ni ya kujaribiwa. Hapa kwangu kuna nini?"

"Watoto walikuwa wanakuja kwako. Na ulimwona Nafula kwa siku tatu, mimi nikakaa naye mwaka." Sikumtaja Nabwire. Isingekuwa haki kumfanya marehemu anitetee.

Apio akaweka ule muhogo kwenye sahani. "Nilimwambia mama yangu kazi imenishinda," akasema. "Mbele ya wadogo wangu. Na wewe tulikuwa tunapika uji pamoja."

Akatoka. Ochwo alinyoosha mkono, nikampa ufunguo.

Hakunifukuza. Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja na nadhani aliona aibu kuliko mimi. Apio alibaki, alipewa kazi ya kudumu, na hilo lilitokea bila msaada wangu. Wageni walikuja, wakatazama, wakaondoka wakiwa wameridhika. Apio aliendelea kunisalimu kila asubuhi, kwa heshima zote, kama mtu anavyosalimu ofisi. Uji wa muhogo alipika mwenyewe.

Mtaniuliza sasa nasemaje juu ya tableti kwa watoto wadogo. Nasema zitumieni kwa muda mfupi, mtoto akiwa ameketi karibu nanyi, si kama yaya wa kumnyamazisha. Udongo na maharagwe visitoke darasani. Na nyinyi wenye mikono mizito kama yangu, mnaosema macho ya watoto yataharibika, jiulizeni kwanza nani anacheka upande wa pili wa ukuta. Na nyinyi wenye mikono myepesi, mkiona mzee anaisema vibaya mashine yenu, msimwambie apumzike. Mpeni aishike.

Mimi hakuna aliyenipa. Ilibidi niombe. Zilikuwa zimebaki wiki chache nistaafu nilipokwenda mlangoni kwa Apio, kipindi changu kikiwa kimekwisha, nikamwambia nataka kuona anavyofanya, kama hatakasirika.

Akanionyesha benchi kwa mkono. "Kaa, Madam," akasema. "Lakini usifundishe."

Nikakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakifika kifuani. Nafula alikuwa jirani yangu, ameinamia tableti, nywele zake zikigusa mkono wangu. Hakuwa tena kwenye herufi moja moja. Alikuwa anaunganisha. Alijaribu neno mara mbili, akakosea, akalirudia kwa kunong'ona, na mimi nililiona neno lenyewe wazi mbele yangu na nikafunga mdomo. Mara ya tatu likatoka zima: "Mama."

Akainua kichwa akiwa na uso wote wa furaha, akamtafuta Apio, aliyekuwa mbali, kwenye mlango, ambako najua kabisa kwamba macho yake hayakufika. Alimtafuta hivyohivyo. Mimi niliyekuwa nimemgusa bega hakunigeukia.

Iliniuma, tena sana. Nikapiga makofi pamoja na watoto wengine, na kesho yake kipindi changu kilipokwisha nikaenda tena kuomba kukaa.